Vidole Viwili vya Mshono

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Meza hiyo ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na mama yake alilitumia kuwekea chaki. Baada ya kufagia, msichana huyo aliipangusa cherehani, akaitia tone la mafuta mahali alipoonyeshwa, kisha akauchukua utepe wa kupimia na kumvalisha mama yake shingoni kama mkufu. Hapo ndipo kazi ya siku ilipohesabiwa kuwa imeanza.

Jina lake halisi halikuwa Chapuchapu. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa darasa la saba kwa sababu alikuwa wa kwanza kumaliza kila kitu: chakula, hesabu, hata mistari ya adhabu. Mwalimu wao wa hesabu aliwahi kusema kwamba mtoto huyu anaweza kumaliza mtihani kabla haujagawiwa. Darasa zima lilicheka, naye akacheka kuliko wote, maana aliyachukua maneno hayo kuwa sifa.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo aliyejulikana mitaa mitatu. Hakuwahi kutumia karatasi. Alimpima mteja, akachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, kisha akalaza vidole vyake viwili kando ya kila mstari na kukata nje ya vidole hivyo. Nafasi hiyo ndiyo iliyoliwa na mshono. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake mzazi, ambaye hakujua kusoma. Yeye mwenyewe alianza kusoma akiwa mtu mzima, miaka miwili tu iliyopita, katika kisomo cha jioni kilichofanyika shuleni kwa binti yake. Siku moja Chapuchapu alikuta kwenye kona ya dawati lake jina la mama yake, limeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizokazwa sana.

"Mama, unaharibu mali ya shule," alimwambia aliporudi nyumbani.

"Nilikuwa naijaribu penseli," mama alijibu bila kuinua macho. "Lakini umeweza kulisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi imeandika vizuri."

Mwalimu wa kisomo ndiye aliyeleta habari za kozi. Alisema kipo chuo, mbali sana, kinachofundisha ukataji wa nguo kwa njia ya simu, bila malipo yoyote. Mtu yeyote wa nchi yoyote anaweza kujiandikisha. Masomo ni ya wiki sita. Kila wiki kuna video, maelezo ya kusoma na maswali kumi ya kujibu. Anayefaulu wiki zote hupewa cheti.

"Inatolewa kwa Kiingereza," mwalimu aliongeza. "Hapo ndipo penye kazi."

"Kiingereza changu ni cha kusalimia tu," mama alisema. "Lakini nyumbani nina mkalimani."

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Simu iliegemezwa kwenye cherehani, mama akakaa na daftari lake la kisomo, na Chapuchapu akawa anasimamisha video kila baada ya sentensi mbili ili aeleze. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mwanamke mwenye mvi aliyezungumza polepole na kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Mama alimpenda mara moja. Aliuliza maswali mengi: kwa nini ameanzia kwenye kola? Mbona anakunja karatasi kwanza? Video ya dakika kumi na mbili iliwachukua saa moja na nusu. Mwishoni mama alijibu maswali kumi kwa kunyoosha kidole, akapata saba, akalala na furaha.

Chapuchapu hakuwa na furaha. Saa moja na nusu, kwake, ilikuwa muda wa kumaliza mambo manne. Isitoshe, video zile zilikula bando lote, na yeye alikuwa na matumizi mengine ya bando. Alipenda kutazama wasichana wa rika lake wakicheza muziki katika video fupi, moja baada ya nyingine.

"Mama," alisema wiki ya pili, "wewe una nguo za watu za kumaliza. Niache nisome mimi, kisha nikueleze kwa kifupi."

Mama alitazama rundo la nguo lililomsubiri. "Utaweza?"

"Mimi tena?"

Kuanzia siku hiyo Chapuchapu hakufungua video hata moja. Alipitisha macho kwenye maelezo yaliyoandikwa chini yake, akamweleza mama alichookota, kisha akajibu maswali mwenyewe. Kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua, na chuo kiliruhusu kujaribu mara tatu. Alibahatisha mara ya kwanza, akaona alipokosea, akarekebisha mara ya pili. Maswali ya wiki nzima aliyamaliza kwa dakika sita. Bando lililobaki alilitumia kwa wachezaji wake.

Jirani yao na mwanafunzi mwenzake, aliyeitwa Miwani kwa sababu iliyoonekana usoni pake, alimkuta akifanya hivyo barazani.

"Ndiyo unasoma hivyo?" Miwani aliuliza.

"Na wewe kozi yako ya nyota imefika wapi?"

"Wiki ya kwanza. Lakini nimeanza nyingine ya kufuga nyuki, na ya kuchora, na moja ya historia ya madaraja."

"Umemaliza ipi?"

"Mimi ni mtaalamu wa kuanza," Miwani alisema bila aibu. "Ila sijajibu maswali ya mtu mwingine."

"Ni mama yangu huyo. Siyo mtu mwingine."

Katika wiki ya tatu, mama alichora karatasi yake ya kwanza ya kukatia kwa kufuata vipimo alivyosomewa na binti yake. Ilikuwa karatasi ya gauni la kazi lenye vifungo mbele. Aliikata, akailaza juu ya kitambaa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka vidole viwili kwenye ukingo wa karatasi.

"Hapa sioni nafasi ya mshono," alisema. "Inaongezwa, au imo humu humu?"

Chapuchapu hakujua. Jibu, kama lilikuwepo, lilikuwa ndani ya video. Kuifungua kungechukua saa nzima, na pengine maswali mengine kumi ya mama yangefuata nyuma yake.

"Imo humo humo, mama," alisema. "Wenzetu wameshaihesabu."

Mama aliondoa vidole vyake. "Ama kweli wenzetu wana akili," alisema.

Cheti kilifika mwishoni mwa wiki ya sita. Walikichapisha kwenye duka la vifaa vya shule, na seremala wa mtaani akakitengenezea fremu. Mama alilisoma jina lake lililopigwa chapa, polepole, mara tatu.

"Na mtihani je?" aliuliza. "Sikumbuki kufanya mtihani tangu ile wiki ya kwanza."

"Ni maswali madogo madogo tu. Nilikuwa nayajibu kutokana na unavyofanya kazi."

"Kumbe mikono yangu ndiyo iliyofanya mtihani," mama alisema, akakitundika cheti juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayeingia angekiona. Jioni ile alikibeba kwenda nacho kwenye kisomo, na wanawake wenzake walisimama wakampigia makofi.

Matroni wa hospitali alikuwa mmoja wa waliokiona. Alikuja kushonesha sketi, akasoma cheti kuanzia juu mpaka chini, akarudi kesho yake na jora la kitambaa cha buluu. Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Wahudumu kumi na wawili walihitaji magauni ya kazi ya kufanana.

"Fundi wetu wa zamani hushona kila gauni kivyake, kama anashona watu wanaogombana," Matroni alisema. "Wewe umesomea. Haya yakitoka sawasawa, nguo zote za hospitali zitakuja kwako. Ila kitambaa ndicho hiki. Dukani hakuna kingine cha rangi hii."

Mama alichora karatasi za saizi tatu. Alikilaza kitambaa matabaka manne manne, kama kozi ilivyoelekeza, akayabana matabaka kwa pini, akakata kwa kufuata ukingo wa karatasi. Kwa njia yake ya zamani angekata gauni moja moja kwa siku tatu. Sasa alimaliza yote kumi na mawili kabla ya saa sita mchana. Alishona la kwanza siku hiyo hiyo, na mengine siku zilizofuata mpaka yakabaki vifungo tu, na Jumamosi asubuhi mhudumu mmoja akaja kulijaribu lile la kwanza.

Gauni lilikwama mabegani. Lilipovutwa chini lilishuka, lakini vifungo na matundu yake vilibaki vikitazamana kwa mbali.

"Labda nimenenepa tangu juzi," mhudumu alisema kwa upole.

Mama hakucheka. Alipima gauni, akampima mhudumu, akapima gauni tena. Mhudumu alipoondoka, alikwenda mezani na kuyapima magauni kumi na moja yaliyobaki. Yote yalipungua kipimo kilekile: vidole viwili kwa kila mshono, kila upande.

Chapuchapu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Alimwona mama yake akipanda kwenye kigoda, akikishusha cheti, akikilaza mezani kifudifudi.

"Nilijua," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na meza. "Nilijua kusoma kwangu hakujafika huko. Nimefundishwa wiki sita nzima na bado sikuelewa. Jumatatu nitakwenda kumwambia Matroni atafute fundi mwingine. Na kile kisomo nacho basi. Nawapotezea tu wenzangu muda."

Chapuchapu aliufikiria ufagio, aliifikiria simu, akaifikiria njia ya kwenda kwa kina Miwani. Akatoka na simu, akakaa barazani kwa Miwani na kufungua video ya wiki ya tatu kwa mara ya kwanza. Miwani alikaa kando yake. Dakika ya nne, mwalimu mwenye mvi aliinua karatasi mbele ya kamera. Alisema kwamba karatasi hii haina nafasi ya mshono, kila fundi aiongeze mwenyewe kwa kadiri ya kazi yake, na kwamba hilo ndilo kosa ambalo wanafunzi hulifanya zaidi kuliko yote. Alilirudia mara mbili.

"Amesema waziwazi kabisa," Miwani alisema.

"Nimesikia."

"Utamwambia mama?"

"Anataka kuacha kisomo, Miwani. Anadhani hajui kusoma."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Basi ukichelewa mara hii ndiyo utakuwa umechelewa kweli," alisema.

Mama alikuwa anafumua gauni lile la kwanza, uzi baada ya uzi, aliposikia hatua za binti yake. Chapuchapu alisimama upande wa pili wa meza na kusema yote bila kupumzika: video ambazo hakuzifungua, majibu aliyoyabahatisha, bando alilolitumia kwa mambo yake. Mama aliendelea kufumua mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Wiki zote sita?"

"Kuanzia ya pili."

"Na nilipokuuliza kuhusu vidole viwili?"

"Nilibuni."

"Ulibuni kwa sauti ya mtu anayejua." Mama alikata uzi kwa meno. "Kama ungeniambia hujui, ningefuata mikono yangu. Mikono yangu ilijua. Wewe ndiye uliyeiambia inyamaze."

Chapuchapu alianza kulia. Mama hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Alimpa kipande cha kitambaa cha kupangusia uso, akamwacha amalize, kisha akamwuliza swali ambalo binti yake hakulitarajia.

"Huko kwenye kozi, kuna mahali pa kuuliza?"

Palikuwepo. Ulikuwa ukumbi wa maandishi ambamo wanafunzi wa nchi mbalimbali waliulizana maswali, na Chapuchapu hakuwahi kuuingia hata siku moja. Mama aliagiza, naye akaandika kwa Kiingereza, neno kwa neno, akimsomea tena kila sentensi kwa lugha yao. Walieleza kosa lote. Waliuliza kama magauni yaliyokwisha kukatwa madogo yanaweza kuokolewa. Mama alisisitiza waandike pia kwamba kitambaa kilikuwa cha mteja.

Siku nzima hapakuwa na jibu. Mama alisema, bila kulalamika, kwamba darasani kwao mwalimu huwa yupo palepale. Unanyoosha mkono tu. Hapa umenyoosha mkono na hujui kama kuna aliyekuona.

Jibu lilikuja Jumapili alasiri. Lilitoka kwa mwanamume mmoja wa nchi ya mbali, aliyeshona sare za wafanyakazi wa reli. Aliandika kwamba yeye alikata makoti ishirini kwa kosa hilihili, na kwamba mke wake bado humkumbusha kila wanapopata wageni. Aliambatanisha picha. Alikuwa amefumua mishono ya ubavuni, akaingiza ukanda mrefu wa kitambaa cha rangi nyingine kutoka kwenye pindo la chini mpaka kwapani, na kutoka kwapani mpaka mwisho wa mkono.

Mama aliikuza picha kwa vidole, akaitazama mshono kwa mshono.

"Vidole vinne vya kuonekana," alisema, "na vidole viwili vya mshono kila upande. Ukanda ukatwe vidole vinane." Akamgeukia binti yake. "Hivyo viwili vimo, au vinaongezwa?"

"Vinaongezwa, mama," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo.

"Sawasawa."

Jumatatu asubuhi walikwenda hospitalini pamoja, na gauni moja lililorekebishwa kwa ukanda mweupe. Chumba cha Matroni kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Chapuchapu alimwamkia, akasimama wima, akaeleza yeye mwenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia njiani kwamba maneno hayo hayakuwa ya mama kuyasema. Matroni alimsikiliza mpaka mwisho, huku amekunja mikono.

"Hapa kwangu," alisema, "mtu aliyejibiwa mtihani na mwenzake anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Matroni."

"Na wewe, fundi, ungeweza kuniambia kitambaa kilikuwa kibovu. Nisingejua." Aliligeuza gauni, akauvuta mshono, akamwita mhudumu yule wa Jumamosi alivae. Vifungo vilifika. Mhudumu aliinua mikono juu, akainama, akajinyoosha.

"Hili linanipa nafasi ya kuinua mgonjwa," alisema. "Lile la zamani hunishika kwapani."

"Mweupe utaonyesha uchafu," Matroni alisema. "Weka rangi ya buluu iliyokolea. Nayataka Alhamisi. Na cheti chako sikitambui mpaka uniletee kingine."

Siku tatu hizo Chapuchapu alifumua mishono kila alipotoka shule, na hakuna kazi duniani isiyokubali haraka kama kufumua. Ukivuta kwa pupa, kitambaa kinachanika. Kufikia Jumatano alikuwa amejifunza kuinua uzi mmoja, kuukata, kuhesabu mishono mitano, na kuinua mwingine. Miwani alikuja kusaidia kushona vifungo, akaanza vinane, akamaliza vinane, akajishangaa mwenyewe. Alhamisi mchana magauni kumi na mawili yalipelekwa hospitalini yakiwa yamepigwa pasi, na Ijumaa wodi ilifunguliwa.

Kabla ya wiki kwisha waliandika barua kwa chuo, wakaeleza nani alijibu nini. Chuo kilifuta cheti na kumruhusu mama arudie kuanzia wiki ya pili. Mama aliitundika fremu tupu mahali pake pa zamani juu ya cherehani. Mteja alipouliza, alijibiwa kuwa mwenye fremu yuko njiani.

Masomo yalichukua muda mrefu. Kuna siku bando lilikwisha katikati ya sentensi, na siku umeme ulikatika. Kuna maneno ambayo hata Chapuchapu hakuyajua, na alijifunza kusema, "Hili silijui, mama, ngoja nilitafute." Mwanzoni aliyasema kwa shida. Baadaye yalitoka bila taabu.

Maswali ya wiki ya pili mama aliyajibu peke yake, baada ya kusomewa tu. Alipata manne kati ya kumi. Chapuchapu alimtazama kwa wasiwasi, akihofia kwamba ataacha kisomo na kuishusha fremu. Mama alikuwa anatabasamu.

"Manne haya ni yangu," alisema. "Yale mengine uliyonipa yalikuwa kumi kwa kumi, na sikuweza kukata nayo hata gauni moja."

Alimvuta binti yake akae kwenye kigoda kando yake, karibu na tundu la chaki.

"Nikuambie kitu, mwanangu, kisha turudie somo. Watu wale wa mbali wametufungulia darasa na hawatudai chochote. Hilo ni jambo kubwa. Bibi yako hakulipata. Lakini hawatuoni. Hawajui nani amekaa mbele ya simu, nani anaelewa na nani anabahatisha. Kwa hiyo tunaosoma hivi inabidi tuwe waaminifu kuliko wanaosoma mbele ya mwalimu. Ukijibiwa, cheti utapata, lakini siku ya kukata kitambaa cha mtu utakuwa peke yako na mkasi. Na usipojua kitu, niambie hujui. Hapo tutauliza wote wawili."

"Nitakuambia, mama."

"Haya, fungua."

Chapuchapu aliifungua video, akairudisha mwanzo kabisa. Mwanamke mwenye mvi alichukua mkasi kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kuzungumza polepole, na safari hii hakuna aliyemharakisha.